Si Punda, ni Punta

Jumapili, 2 Novemba 2025

Leo nimecheka kanisani mpaka nikajifunika uso na leso. Wageni waliambiwa wasimame wajitambulishe, na mpangaji wangu Felista akasimama, mrefu, kilemba cha manjano, akasema kwa Kiswahili chake kipya: "Jina langu Felista, mimi ni Garifuna, kutoka Belize." Mama aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, gari-nini? Na mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya watu wote kama hiyo gari inakula mafuta sana.

Si gari. Ni watu! Nimeeleza hadi mlangoni.

Jina lake hasa ni Felícita. Ni muuguzi, amekuja kufundisha wakunga katika chuo kimoja hapa Eldoret kwa miezi sita, na tangu Septemba anakaa chumba cha nyuma kwangu Kimumu. Majirani walimgeuza Felista siku ya kwanza, naye akakubali. Wakati wa chakula alinisimulia tena: kwamba mababu zao ni Waafrika na wenyeji wa visiwa vya kule waliochanganyikana, kwamba Waingereza waliwafukuza kisiwani mwao kwa meli zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na kwamba walipoteza karibu kila kitu isipokuwa lugha, mihogo na ngoma. Anapenda kusema hivyo. Lugha, mihogo na ngoma.

Kisha akaona picha ya Mama ukutani. Nikamwambia kumbukumbu yake ni tarehe 22, kule kwetu Sugoi, mwaka mmoja tangu tumzike. Akauliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa: mlimchezea ngoma gani?

Nikasema hatukucheza. Sisi hatuchezi kwa ajili ya mtu aliyekufa. Zamani wazee wetu hata jina la marehemu walikuwa hawataki kulitaja ovyo.

Akaweka kijiko chini. Na mimi, sijui nini kilinipata, nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama aliniomba. Alikuwa amelala, hana nguvu, lakini utani hakuuacha: "Siku yangu msinililie kama redio imeharibika. Wewe Chelimo, unichezee." Nami nikamwahidi. Siku ya mazishi mvua ikanyesha, mtu akanipa trei ya vikombe vya chai, na nikabeba ile trei mpaka jioni. Sikucheza hata hatua moja. Mwaka mzima naisikia mkononi.

Felista hakusema pole. Alisema: "Twenty days. It's enough."

Jumatano, 5 Novemba

Somo la kwanza, sebuleni, makochi yamesukumwa ukutani. Ngoma yenyewe inaitwa punta. Kwao mtu akifa, siku ya tisa watu wote hukusanyika, chakula, utani, hadithi, ngoma, na punta ndiyo inayochezwa zaidi. Ni ya kumsindikiza. Nyanya yake alikuwa akisema marehemu akisikia kilio peke yake atashindwa kuondoka.

Mimi nilidhani ni ngoma ya kiuno. La! Felista alinipiga kofi la bega. Kiuno usikiguse, kiache. Miguu ndiyo inafanya kazi — hatua ndogo, ndogo, ndogo, karibu na sakafu, kifua kimetulia kama umebeba maji kichwani. Kiuno kinafuata chenyewe, hakina habari.

Tatizo langu ni kuruka. Damu ya Nandi! Kwetu kucheza ni kuruka, na kila ngoma ikinoga naruka. Felista amesema nikiruka mara nyingine atanisajili mbio za kuruka viunzi.

Mguu wa kushoto umevimba. Nina furaha ya kijinga.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumepata ngoma! Oyugi, fundi wa kuchomelea aliye mkabala na kibanda chetu cha ushonaji, ndiye pia mpiga ngoma wa kwaya yetu. Amechimba magogo mawili ya mparachichi uliokatwa karibu na kwake, akawamba ngozi ya mbuzi. Felista akasema bado, inatakiwa nyuzi juu ya ngozi ili sauti itetemeke. Oyugi akafikiri kidogo, akaingia ndani, akatoka na waya wa breki ya pikipiki. Akaufumua, akavuta nyuzi mbili, akapiga. Zzzrrm! Felista alipiga kelele, watu wakadhani ameumwa na nyuki.

Ngoma ni mbili. Kubwa ni segunda, inashika mwendo ule ule tu, haiyumbi. Hiyo amepewa Waithira, mwenzangu kibandani, kwa sababu amezoea kukanyaga cherehani siku nzima bila kubadilisha mwendo. Ndogo ni primero, ya Oyugi, na hiyo ndiyo inayozungumza.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Oyugi aliuliza ataanza saa ngapi na atanipa alama gani. Felista akamwambia hatoi alama yoyote. Mchezaji ndiye anaongoza. Mpiga ngoma anaangalia miguu ya mchezaji, na mguu usipoondoka, mkono hauondoki.

"Miaka kumi kwaya inanifuata mimi," Oyugi akasema. "Leo nifuate miguu ya Chelimo? Hii miguu?"

Waithira alicheka akaanguka kutoka kwenye stuli.

Jumapili, 9 Novemba

Sugoi. Niandike upesi kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa.

Baba alifariki siku nyingi, kwa hiyo neno la mwisho nyumbani ni la Mzee Kigen, kaka yake mkubwa. Bila yeye hakuna kitu kinachoingia kwenye kumbukumbu, hata kaka yangu Johnstone na nyumba yake ya kitajiri ya Elgon View lazima ampigie simu. Nilimkuta amekaa nje, nikapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, nikanywa, tukaongea habari za mahindi na mvua. Nikazunguka wee. Mwishowe nikasema:

"Mzee, nataka kumchezea Mama. Kuna ngoma naifunza. Inaitwa punta."

Akanigeukia.

"Punta," akasema.

"Punta, Mzee."

"Hiyo ni sawa sana!" Akapiga goti lake. "Kumbe kuna mtu ako na akili hii boma. Mama yenu na huyo punta walikuwa kitu moja. Nani mwingine angekumbuka huyo punta?"

Ndipo nilipoelewa. Kwa wazee wetu d na t ni kitu kimoja, g na k vilevile. Gari ni kari, dada ni tata. Na punda — punda ni punta! Mzee ameridhia nicheze ngoma ya punda wa Mama.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa niseme. Lakini tayari alikuwa amesimama, ananionyesha malishoni, na kule alikuwa amesimama Saa Moja, punda mwenyewe, masikio yametulia, mgongo umepauka pale mikebe ya maziwa ilipokuwa ikikaa. Mzee ndiye anayemtunza sasa. "Nitampiga brashi," akasema. "Lazima naye akuje."

Nimefunga mdomo. Nimerudi nyumbani na baraka ya mtu aliyebariki kitu kingine.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimewasimulia kibandani. Waithira amejidunga sindano kwa kucheka. Oyugi amezima mashine akaja kusikia upya. Sasa kila mteja akipita Oyugi analia kama punda.

Felista peke yake hakucheka sana. Akauliza huyo punda ni nani.

Alhamisi, 13 Novemba

Johnstone amenitumia programu ya kumbukumbu kwa WhatsApp. Nzuri kweli, ina picha ya Mama na maua. Sala, nyimbo, wasifu, mahubiri. Halafu:

"10. Ngoma ya Punda — Chelimo na wenzake."

Mzee amemwagiza! Tena imeshachapishwa yote, nakala mia tatu.

Akapiga simu papo hapo. Chelimo, ni ngoma gani hii? Nikasema ni ya Mama. Akasema alimuuliza Waithira, na Waithira — mdomo wake hauna kifuniko — akamwambia ni punta, ya yule mgeni, naye akaitafuta kwenye simu akaona watu wanavyotikisika. "Mbele ya Pastor, Chelimo? Mbele ya in-laws wangu? Mama alikuwa mtu wa heshima."

Nikamwambia kwao ngoma hizi zinaingia hadi kanisani, zinapigwa misa nzima, Felista ameniambia. Akasema hapa si kwao. Nikamwambia kiuno hakitikiswi, kinafuata tu. Hapo akakata simu. Sidhani maelezo hayo yalisaidia.

Nimekasirika. Lakini kweli nyingine ni kwamba Johnstone naye hakulia siku ile. Alisimama na mwavuli, anaelekeza magari. Mimi trei, yeye magari.

Jumamosi, 15 Novemba

Felista anasema punta bila wimbo ni nusu. Na wimbo kwao hutungwa na wanawake, mara nyingi wimbo wa jambo linalouma: mume aliyekwenda, mtoto asiyerudi, jirani mwenye maneno. Maneno yanauma, ngoma inacheka. Vyote kwa pamoja, hakuna kinachosubiri kingine. Akanipa karatasi. Andika linalokuuma.

Nikakaa kama mwanafunzi asiyejua jibu. Nikafikiria ule uongo wangu kwa Mzee. Nikasema basi, kama Mzee anajua ni ngoma ya punda, na iwe ya punda! Angalau nusu ya dhambi itapungua.

Kwa hiyo nikaandika habari za Saa Moja. Mama alimwita hivyo kwa sababu kila asubuhi saa moja kamili walipita mbele ya shule wakienda kituo cha maziwa, yeye mbele, Mama nyuma, na watoto walikuwa wakiwaona wanajua wamechelewa. Mama alipougua, jirani alikuwa akimfunga mikebe tu, na punda anakwenda peke yake, anapakuliwa, anarudi. Siku ya mazishi alirudi akakuta magari yamejaa. Akasimama langoni, mvua inamnyeshea, mikebe mitupu, anangoja mtu amfungulie. Mimi nilimwona. Nilikuwa na trei.

Wimbo ni mfupi:

Saa Moja amerudi na mikebe,
Mama, nani amekufungulia lango?
Punda anajua njia ya nyumbani,
mimi ndiye nimekawia.

Nilipomaliza kuuandika nililia vizuri, kwa sauti, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Felista aliningoja nimalize. Kisha akaanza kupiga meza kwa viganja, mwendo wa segunda, akauimba wimbo wangu kwa Kiswahili chake kibovu — "mimi ndio nimekawaya" — na miguu yangu ikaondoka yenyewe. Machozi bado mashavuni na nacheza! Sasa nimeelewa. Si kwamba wao hawahuzuniki.

Na sikuruka.

Jumatano, 19 Novemba

Siku kubwa ya akina Felista. Kila mwaka tarehe kama ya leo kwao alfajiri wanaingia ufuoni kwa mitumbwi, na ngoma na majani ya mnazi, kama mababu zao walivyofika Belize, na watu wanawapokea kwa nyimbo, wote wanaandamana hadi kanisani. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani amevaa manjano, nyeusi na nyeupe, rangi za bendera yao, hana pa kwenda. Akasema ni mara ya kwanza yuko mbali siku hii.

Haiwezekani! Nikafunga kibanda. Waithira akaleta ndizi za kupika na kinu, Oyugi akaleta samaki (Mjaluo hatumwi samaki mara mbili), mimi nikatafuta nazi soko zima. Felista akapika samaki kwenye tui, tukatwanga ndizi hadi zikavutika. Waithira akaonja akasema ni ule mukimo wao wa viazi vya kuponda, ila umesafiri ukasahau mahindi. Akala sahani tatu.

Kisha uani, mchana kweupe, ngoma. Kwa kuwa hatuna ufuo, Felista akatoka nje ya geti, akagonga. Nikauliza nani. Akasema: "Ni sisi. Tumefika." Nikafungua geti lote, mabawa mawili, na Waithira akapiga vigelegele vya Kikuyu, vile vitano vya mtoto wa kiume, majirani wakaja mbio kuuliza nani amezaa. Felista aliingia anacheza na analia, Oyugi macho kwenye miguu yake, hakupoteza hata hatua. Tangu leo Oyugi hasemi tena neno juu ya kwaya.

Katikati ya hayo yote akaingia Johnstone kuchukua suti yake niliyompunguzia. Alisimama getini na funguo za gari mkononi. Nikamwona anaangalia. Nikamwona mguu wake wa kulia, kile kiatu cheusi cha kung'aa, kinagonga sementi. Kidogo tu! Alipogundua nimeona akauficha nyuma ya ule mwingine.

Akachukua suti. Akasema namba kumi tutaongea. Akaondoka.

Ijumaa, 21 Novemba

Gauni tayari. Manjano mbele, pindo jeusi, kola nyeupe. Nimeshona mishono ya mwisho mara tatu.

Nimempigia Mzee Kigen simu niungame. Siwezi kumchezea Mama juu ya uongo, hata kama wimbo una punda. Mtandao wa Sugoi! Nikasema, Mzee, si punda. Akasema yuko sawa, anakula nyasi. Nikasema kwa sauti, SI PUNDA. Akasema ndiyo, ameshaoga.

Nitamwambia kesho uso kwa uso. Akikataa, basi. Nitabeba trei.

Jumamosi, 22 Novemba

Sugoi, jikoni kwa Mama. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo. Nje wako kwenye mahubiri. Jua linawaka, hakuna hata wingu.

Sikuwa nimeshuka vizuri kwenye gari lililonileta na kina Felista, mtu akanipa trei. Vikombe ishirini na nne. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Gauni la manjano, na trei.

Mzee amekuja mlangoni sasa hivi. Kofia, fimbo, koti la sherehe. Ananiambia Saa Moja amefungwa kando ya hema, amefungwa utepe. Nikaweka birika chini.

"Mzee, nisamehe. Nilikudanganya. Si punda. Ni punta."

"Ndiyo," akasema. "Punta."

"Hapana, Mzee. Punda ni yule mnyama pale nje. Hii ni punta."

Akafikiri. "Si punta," akasema polepole, "ni punta."

Mungu wangu! Nilicheka nikashika meza, na yeye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Hakuna njia ya kuungama kwa mdomo kati yangu na mtu huyu. Basi nikavua viatu. Nikamwambia, angalia. Nikamwonyesha hapo hapo kwenye sementi ya Mama: hatua ndogo, ndogo, ndogo, kifua kimetulia, kiuno kinajifuatia chenyewe. Nikasema, hii ndiyo ngoma yenyewe Mzee, imetoka mbali, kwa kina Felista, na kuna watu watasema si heshima.

Hakucheka tena. Akasema, fanya tena. Nikafanya.

Akavua kofia.

"Mama yako alikuwa anatembea hivyo," akasema. "Wakati ya matope. Nyuma ya punta, ndio asianguke na maziwa."

Akaondoka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nimebaki naangalia miguu yangu.

Mahubiri yameisha. Johnstone ameshika maiki, yeye ndiye msherehe… mshereheshaji, hata kuandika siwezi. Namwona kupitia dirishani, suti imemkaa vizuri, najisifu. Namba nane imepita. Namba tisa, shukrani kwa majirani. Makofi.

Amesema kwa sababu ya muda tunaruka kumi, tunaenda kumi na moja.

Ameruka.

Mama mdogo ananiita, chai ya Pastor iko wapi. Nimeshika trei tena —

Segunda! Waithira ameanza! Ameketi pale pale na kitambaa chake kichwani, uso hauna habari, kama anakanyaga cherehani. Du-du, du. Du-du, du. Johnstone anamwangalia. Pastor anamwangalia. Haachi. Felista amesimama. Mzee Kigen amesimama, fimbo mkononi, sijui ni ya nini.

Oyugi hajapiga. Mikono iko juu ya ngoma, imening'inia hewani, na macho yake yako hapa, mlango wa jikoni, chini, kwenye kizingiti. Hawezi kuanza. Amefundishwa hivyo.

Saa Moja amelia! Karibu na spika! Hema lote limecheka, hata Pastor. Johnstone amefunika maiki kwa kiganja na kuinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Anacheka au analia, kutoka hapa siwezi kujua.

Viatu bado viko chini ya meza. Trei nimeiweka. Oyugi ameuona mguu mmoja mlangoni, na mkono umeondok—